Supavaiza akishika boksi lako: namna ya kuandika grivansi ikasimama

Hii ya grivansi, yaani malalamiko rasmi ya maandishi chini ya mkataba wa kazi, naandika kwa ajili ya Wabongo, Wakenya, Wakongo na wenzetu wote wanaopiga kazi za maghala, posta na viwanda huku Marekani kwenye sehemu zenye yunioni, yaani chama cha wafanyakazi, maana kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu ananiuliza swali lile lile, eti supavaiza anafanya kazi yetu, hiyo inaruhusiwa?

Kwanza niseme ukweli wangu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye ghala la vifurushi hapa Ohio supavaiza alikuwa anakuja kwenye trela yangu alfajiri, anavaa glavu, anaanza kupanga maboksi na mimi, na mimi nilikuwa namwambia asante sana bosi. Mtu aliyelelewa Tabora au Uvira akimwona mkubwa anainama kubeba mzigo anasema huyu ana utu, huyu hana majivuno. Hakuna aliyenifundisha kwamba ule utu ninaulipia mwenyewe, mpaka stewadi wetu, yaani mwakilishi wa yunioni pale kazini, mama mmoja wa pale pale Ohio mwenye miaka zaidi ya 20 kazini, aliponiuliza wiki hiyo nimepata masaa mangapi.

Hesabu ni rahisi. Wewe unalipwa kwa saa, yeye analipwa mshahara. Shifti inaisha maboksi yakiisha. Kila boksi analobeba yeye ni dakika imetoka kwenye slipu yako ya mshahara ikaenda kwa kampuni bure, na akizoea kubeba kila siku basi kampuni haina haja ya kuajiri mtu wa nne kwenye mkanda wala kumpigia simu yule aliyeko nyumbani anasubiri ovataimu. Huenda kweli ana roho nzuri, anabanwa na namba za juu yake na yeye ana familia. Lakini grivansi sio kumchukia mtu, ni kudai saa zako.

Sasa tuanze.

1. Tafuta kifungu, usianze na hasira

Watu wengi hawajui hili: hakuna sheria ya serikali kuu inayomkataza meneja kubeba boksi. Kinachomkataza ni mkataba wa yunioni. Kama kazini kwenu hakuna yunioni supavaiza anaweza kubeba mpaka asubuhi na huna pa kwenda kulalamika juu ya hilo peke yake, kwa hiyo usipoteze muda kupiga simu ofisi za serikali. Kama yunioni ipo, omba kile kitabu cha mkataba kwa stewadi au kitafute kwenye tovuti ya yunioni yenu, halafu tafuta sehemu inayozungumzia masupavaiza kufanya kazi.

Mfano, kwenye mkataba wa kitaifa wa yunioni ya Teamsters na kampuni ya vifurushi ya UPS, ule uliopigiwa kura 2023 na unakwisha 2028, kifungu kiko namba 3 sehemu ya 7. Posta, kwenye mkataba wa APWU, moja ya yunioni za wafanyakazi wa posta, ni kifungu cha 1 sehemu ya 6, na kile cha posta nakipenda kukitolea mfano kwa sababu kimenyooka: kwenye ofisi yenye wafanyakazi wa yunioni 100 au zaidi supavaiza haruhusiwi kufanya kazi yao isipokuwa kwa mambo matano, yaani dharura, kumfundisha mfanyakazi, kuhakikisha mashine inafanya kazi sawasawa, kulinda usalama wa wafanyakazi, na kulinda mali ya posta. Ofisi ikiwa ndogo chini ya 100 anaruhusiwa pia zile kazi zilizoandikwa kwenye maelezo ya cheo chake. Kwa hiyo mtu wa posta ya mji mdogo na mtu wa kituo kikubwa wanaweza kuona kitendo kile kile na mmoja akawa na kesi mwingine hana. Ndio maana nasema soma wa kwenu, usichukue mkataba wa shemeji yako anayefanya kazi mji mwingine.

Ukisoma, weka alama kwenye zile "isipokuwa". Kampuni itajificha humo humo, utaona mbele.

2. Hakikisha huyo mtu ni supavaiza kweli

Usicheke, hili linawaumbua watu. Kuna wale wanaotembea na redio na fulana ya rangi nyingine wanaelekeza wenzao, lakini wanalipwa kwa saa na ni wanachama kama wewe. Huyo akibeba boksi anafanya kazi yake. Sheria ya 1947, ile ya Taft-Hartley, inamwangalia supavaiza kwa mamlaka aliyonayo, kama kuajiri, kusimamisha, kutoa adhabu, kupangia watu kazi kwa uamuzi wake mwenyewe, sio kwa fulana. Ukiwa na wasiwasi muulize stewadi swali moja tu: huyu yuko ndani ya yunioni au nje?

3. Usimzuie, usigome, usimtukane

Ukimkuta anafanya, mwambie kwa sauti ya kawaida, mbele ya mtu kama inawezekana: bosi, hiyo kazi ni yetu, kama tumezidiwa naomba uite mtu. Basi. Asipoacha, endelea na kazi yako. Usimnyang'anye boksi, usikae chini, usiondoke kwenye kituo chako, maana hapo utakuwa umempa yeye kesi juu yako. Huku wana kanuni ya siku nyingi, fanya unachoambiwa sasa halafu dai baadaye, na waamuzi wa kesi za grivansi wanaifuata. Isipokuwa kama ni jambo la kuhatarisha maisha, hiyo ni habari nyingine.

Mtafute stewadi siku hiyo hiyo. Kama hayupo, mtumie meseji, ili saa ya meseji ibaki kama kumbukumbu.

4. Daftari

Hapa nitakaa kidogo, maana grivansi nyingi ninazoziona zinafia hapa, hazifii kwenye kikao.

Nunua kadaftari kadogo kanakoingia mfuko wa nyuma na kalamu ya wino, usitegemee simu kwa sababu sehemu nyingi simu hairuhusiwi sakafuni na ukiitoa tu mazungumzo yanageuka kuwa ya simu yako. Kurekodi sauti ndio kabisa, kila jimbo lina sheria yake, kuna majimbo kumrekodi mtu bila ridhaa ya wote ni kosa, na kampuni nyingi zina katazo lao juu ya hilo. Kalamu haina matatizo hayo.

Unaandika: jina la supavaiza, tarehe, saa alipoanza, saa alipomaliza, mahali hasa (mlango namba ngapi, mkanda upi, trela ipi), alikuwa anafanya nini kwa mikono yake, maboksi mangapi kama uliweza kuhesabu, nani mwingine aliona, na hili watu wanalisahau, ni mfanyakazi gani alikuwepo au angeweza kuitwa kuifanya hiyo kazi. Kama kuna mtu alirudishwa nyumbani masaa matatu kabla ya muda wake na supavaiza akaendelea kupakia, jina lake liwe juu kabisa.

Usiandike "anafanya kazi zetu kila siku". Hiyo ni hadithi, haina pa kushika. Andika "amepakia trela ya mlango 14 kutoka 4:30 mpaka 5:20 asubuhi, bila mtu wa kumfundisha ndani".

Na kuhusu hiyo saa, jamani. Grivansi yangu ya kwanza kabisa niliiandika vizuri, mashahidi wawili, kila kitu, na ikafa. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili kama ninavyofikiri, saa kumi na nusu alfajiri. Siku ya kujaza fomu nimechoka, nikahamisha, nikaandika 10:30 mpaka 11:20. Kwenye kikao meneja akaangalia fomu, akaangalia karatasi yake, akasema kwa upole kabisa kwamba saa 10:30 asubuhi mimi nilikuwa nimeshapiga kadi ya kutoka, supavaiza naye alishaondoka, na jengo lilikuwa na mafundi wa umeme tu. Stewadi akanigeukia: wewe, hii saa ni ya wapi? Nikaanza kueleza kwamba kwetu siku inaanza jua likichomoza na saa kumi na mbili ni sita, watu mle ndani wakaniangalia kama nasimulia ndoto. Ikafungwa pale pale. Tangu siku hiyo nikiandika daftarini natumia saa ya ukutani ya hapo kazini, namba tupu, na naongeza AM au PM.

Tarehe vivyo hivyo. Wamarekani wanaanza na mwezi. Ukiandika 3/4 wewe ukimaanisha tarehe tatu Aprili, wao wanasoma tarehe nne Machi, na kama siku za kuwasilisha ni chache utaambiwa umechelewa mwezi mzima. Andika jina la mwezi kwa herufi, umemaliza.

5. Siku zinahesabika

Kila mkataba una muda wake. Posta una siku 14 tangu wewe au yunioni mlipojua kuhusu tukio. Kwingine ni siku 10, kwingine 5 za kazi, na muda ukipita hata ungekuwa na video ya sinema wanaitupa bila kuisoma. Kwa hiyo usikusanye matukio ya miezi miwili ukisubiri yawe mengi ya kutisha. Tukio moja, fomu moja, ndani ya muda. Yakijirudia, fomu nyingine. Mikataba mingine adhabu, yaani pesa kampuni inayotakiwa kumlipa mfanyakazi, inapanda kama supavaiza yule yule amekamatwa tena na tena, na ukirundika yote kwenye karatasi moja unaweza kukuta yamehesabiwa moja.

6. Kujaza fomu

Fupi. Watu wetu tunapenda kueleza kuanzia mwanzo, nilipoajiriwa nilikuta hali hii, huyu bwana ana tabia, hata mke wangu anajua. Toa yote hayo. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga sio shida, waulize tu wenye uzoefu wakusaidie kunyoosha, lakini namba na majina yawe yako. Mpangilio ninaotumia ni huu, ukishautafsiri unatosha mistari sita:

"Tarehe 12 Machi, kuanzia 4:30 AM mpaka 5:20 AM, supavaiza (jina) alipakia vifurushi kwenye trela ya mlango 14. Hakukuwa na mafunzo wala dharura. Wafanyakazi (majina) walikuwepo na wangeweza kufanya kazi hiyo. Kampuni imevunja kifungu namba (andika namba) pamoja na vifungu vingine vyote vinavyohusika. Ninadai kampuni iache mara moja, na mimi au mfanyakazi anayestahili alipwe kwa muda wote huo kwa kiwango cha adhabu kilichoko kwenye mkataba, na arudishiwe chochote kingine alichopoteza."

Hayo maneno "na vifungu vingine vyote vinavyohusika" usiyaache, maana ukitaja kifungu kimoja na ikaonekana cha nyongeza cha eneo lenu ndicho kilichohusika zaidi, bado mlango uko wazi. Na pale kwenye nani alipwe, angalia mkataba wenu. Sehemu nyingine analipwa mwenye sinioriti kubwa, yaani aliyekaa kazini muda mrefu zaidi, aliyekuwa tayari kufanya kazi hiyo, sio lazima wewe uliyeandika. Mimi nimeshaandika moja akalipwa mzee mwingine kabisa ambaye siku ya tukio alikuwa amelala kwake. Iliniuma kidogo, nisidanganye, lakini mwezi uliofuata na yeye akaandika moja nikalipwa mimi.

Piga kopi kabla hujaitoa mkononi, na mtu anayeipokea aweke sahihi na tarehe.

7. Omba karatasi zao

Hii watu hawaitumii na ndiyo silaha. Kampuni ina kumbukumbu kuliko daftari lako: skana inaandika nani amepiga kifurushi saa ngapi kwa namba ya nani, kadi za kuingia na kutoka, ratiba ya siku, orodha ya waliorudishwa nyumbani, rekodi za mafunzo. Chini ya sheria ya kazi ya 1935 kampuni inatakiwa kuipa yunioni taarifa inazohitaji kushughulikia grivansi, na kukataa au kuzikalia ni kosa peke yake. Anayeomba ni yunioni, sio wewe, kwa hiyo mwambie stewadi aombe kwa maandishi na ataje tarehe na saa. Kesi yetu moja ilimalizwa na skana. Supavaiza alikana, karatasi ikaonyesha namba yake imepiga vifurushi zaidi ya 200 kwenye trela moja. Meneja akaikunja ile karatasi mara nne.

8. Kikao

Mnaingia wewe na stewadi. Mwache stewadi aongoze, wewe jibu ulichoulizwa. Wana majibu yao na ukishayasikia mara tatu utayajua kama sala:

"Ilikuwa dharura." Muulize ni dharura gani, ilianza lini. Mtu mmoja kutokuja kazini Jumatatu, kwenye ghala ambalo kila Jumatatu kuna mtu haji, ni upangaji mbovu. Mzigo wa Desemba nao sio dharura, Krismasi haijawahi kumshtukiza mtu.

"Alikuwa anamfundisha." Anamfundisha nani? Jina. Kufundisha kuna mwanafunzi anayeangalia, na mwanafunzi mwenyewe kwa kawaida hana miaka sita kazini. Yule anayefundishwa akiwa mkanda mwingine kabisa hapo hakuna somo.

"Ni dakika mbili tu, alikuwa anaondoa boksi njiani." Hili pima mwenyewe kabla hujaandika. Kama kweli aliokota boksi moja lililoangukia njia ya watu, achana nalo, hata mimi singeandika, unapoteza heshima kwa vitu vidogo halafu kubwa likija wanakuona mgomvi. Lakini dakika mbili mara kumi kwa siku ni habari nyingine, ndio kazi ya daftari.

"Wote mlikuwa mnafanya kazi, nani amepoteza?" Hapo unarudi kwenye zile saa: nani alirudishwa mapema, nani hakuitwa, shifti ingeisha saa ngapi bila yeye.

Jambo la kuangalia sana: ikitokea kikao kimegeuka, wameacha kumzungumzia supavaiza wameanza kukuhoji wewe kwa nini ulikuwa mlango 14 badala ya kituo chako, na unaona inaweza kuishia na adhabu, una haki ya kuwa na mwakilishi wa yunioni kabla ya kuendelea kujibu. Hiyo inatoka uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1975, kesi ya Weingarten. Ila lazima uiombe mwenyewe kwa mdomo wako, wao hawana wajibu wa kukukumbusha.

Wakikataa ngazi ya kwanza usikate tamaa, ndio kawaida. Inapanda ngazi ya pili, halafu kamati au mwamuzi wa nje kutegemea mkataba. Inaweza kukaa miezi. Nyingi zinamalizwa katikati kwa makubaliano, unaambiwa chukua nusu tuishie hapa. Muulize stewadi kama makubaliano hayo yanaandikwa kama kosa limekubaliwa au kama zawadi tu, maana kama mnajenga historia ya supavaiza mmoja kurudia, hilo neno lina thamani kuliko dola 20.

9. Hofu

Mama mmoja wa Uvira tuliyekuwa naye mkanda mmoja aliona kila kitu, lakini nilipomwomba awe shahidi akaniambia, "Kaka, miye naogopa, batanifukuza." Sikumlaumu, ana watoto wanne na ndio kwanza alikuwa ametoka kwenye majaribio. Ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio ongea na stewadi kwanza, kwa sababu mikataba mingi hapo huna kinga ya kufukuzwa kama wengine, na yunioni inaweza kuwasilisha grivansi kwa jina lake bila jina lako kuwa mbele.

Ukishavuka majaribio, na kwa kweli hata kabla, kuadhibiwa kwa sababu ya kuandika grivansi ni kinyume cha ile ile sheria ya 1935. Ukianza kupangiwa trela mbaya kila siku, maonyo ya ghafla, ratiba kubadilishwa, andika nayo daftarini kwa namna ile ile, tarehe na saa. Malalamiko ya kisasi unapeleka NLRB, bodi ya serikali ya mahusiano ya kazi, ndani ya miezi 6. Ndani ya miezi hiyo hiyo 6 unaweza pia kuishtaki yunioni yenyewe kama imeikalia kesi yako kwa upendeleo au kwa chuki, lakini kupoteza kesi peke yake sio chuki, usikimbilie huko kwa sababu stewadi hakukupigia simu wikiendi. Na kwa walioko majimbo ambayo mtu halazimishwi kulipia yunioni, kama Texas, Iowa au Kentucky, bado yunioni inawajibika kukutetea hata kama hulipi ada. Mimi nasema lipa, lakini haki unayo.

10. Pesa ikija

Usiishie kwenye kusikia "tumeshinda". Ile ya dakika 50 niliyoshinda baadaye, kwa mara mbili ya kiwango changu cha dola 21, ilitakiwa kuwa dola 35 kabla ya kodi. Wiki ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu imekuja 17 na senti 50, mtu wa mishahara ameweka kiwango cha kawaida. Kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe mapema uiandike nyuma ya kopi ya fomu, angalia slipu kila wiki mstari kwa mstari, na ikiwa pungufu au ikapita mishahara miwili bila kitu rudi kwa stewadi na kopi mkononi, kwa sababu kutolipa walichokubali kulipa kunaandikiwa fomu nyingine, na siku zake zinaanza kuhesabika upya kuanzia hiyo slipu.